Kidole Changu Katika Krimu ya Bibi Harusi

Mwanangu Sakina,

Umetoka sasa hivi kwenda Rusimbi kuwaaga rafiki zako, nami nimebaki mezani sebuleni, begi lako likiwa limeegeshwa mlangoni kama mgeni aliyekataa kiti. Kesho alfajiri utapanda basi la Dodoma kwenda kuanza chuo. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kufunga chumba, wala za watu wa kuepuka stendi. Hayo nimekwisha kuyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nataka kukuandikia jambo moja ambalo hatukulimaliza, na ambalo sina hakika kama lina mwisho. Ni habari ya kopo la krimu tulilompelekea Devota wa Singida, na ya neno “mpya” nililoliandika mimi.

Najua utasema, “Mama, tena?” Ndiyo, tena. Leo asubuhi nimefanya kitu ulichonikataza, na nisingependa ukisikie kwa kinywa cha mtu mwingine ukiwa njiani. Nitakifikia. Kwanza niruhusu niyapange mambo kama nilivyoyaona mimi, kwa sababu nadhani tulilitazama kopo lile lile, kila mmoja akaona kitu chake.

Biashara ilikuwa yako. Uliianza kwenye simu ulipomaliza kidato cha sita: krimu, losheni na manukato uliyochukua kwa Mama Furaha, yule mama wa kutoka upande wa Kongo anayeleta mizigo kwa boti pale Kibirizi, bandari yetu ya hapa Kigoma. Ukurasa ulikuwa na jina lako na picha yako, na wateja walikuwa watu wa mikoa ya mbali wasiotujua kwa lolote zaidi ya tulichowaandikia. Sehemu yangu ilikuwa ndogo. Ulisema Kiswahili changu kimenyooka, kwa hiyo niandike maelezo ya bidhaa, wewe upige picha na kufunga vifurushi. Nilikubali kwa furaha ambayo sikukuonyesha. Miaka yote nimefundisha Historia, nimewaambia watoto wa watu watofautishe kilichotokea na kinachosemwa kuwa kilitokea, na sasa nilipata nafasi ya kuandika sentensi fupi ambazo mtu angeweza kuzipima kwa macho yake.

Devota alipotuma ujumbe kwamba anataka ile krimu ya kopo jeupe kwa ajili ya harusi yake, aliuliza swali moja tu: “Ni mpya kweli?” Ukanigeukia ukaniambia, “Mama, andika.” Nikaandika kwamba ni mpya, haijatumika, kwamba kona moja ya boksi imebonyea kidogo kwa sababu ya safari ya boti, kwamba maandishi ya upande wa nyuma yamefifia lakini yanasomeka. Nakumbuka nilivyoridhika na ile kona iliyobonyea. Nilijiona mtu mwaminifu kupita kiasi, mtu anayetaja hata kona.

Lakini sikuandika kwamba nililifungua. Sikuandika kwamba niliichana ile karatasi ya kung'aa inayoziba mdomo wa kopo, nikachovya kidole, nikanusa, nikapaka nyuma ya kiganja, nikasubiri mpaka baada ya swala nione kama patawasha, kisha nikarudisha kifuniko na kukikaza. Naomba uniamini katika hili hata kama mengine utayakataa: sikuficha. Halikunijia kabisa kwamba hilo ni jambo la kuandikwa. Muuza mchele haandiki kwamba ameuchambua. Kwangu kulifungua kopo ilikuwa kazi ya muuzaji, haikuwa hali ya kopo.

Desturi hiyo niliikuta nyumbani. Bibi yako, mama yangu, alikuwa na meza sokoni Ujiji. Aliuza sabuni za mawese, mafuta ya mise yanayokamuliwa kwenye kokwa za michikichi, na krimu zilizovuka ziwa. Krimu hizo zilikuwa na sifa mbaya. Kulikuwa na watu waliokusanya makopo matupu, wakayajaza mkorogo wao, wakayaziba vizuri kuliko kiwanda. Kwa hiyo kopo lililozibwa ndilo lililotiliwa shaka. Nakumbuka mama mmoja aliyesimama mezani kwa Bibi na kopo mkononi, akiligeuza kama anayetafuta mlango.

“Mama Salma, hili mbona hujalifungua?”

“Limeingia leo.”

“Basi lifungue. Au unaficha nini? Nifike nyumbani nikute uji?”

“Ukikuta uji, unywe,” Bibi akamjibu, na wanawake wa meza za jirani wakacheka. Lakini alilifungua. Akamnusisha, akampaka kidogo mkononi, na yule mama akachovya tena kwa kidole chake mwenyewe bila kuomba ruhusa. Kopo la kwanza kufunguliwa lingeweza kupitiwa na vidole vya nusu ya soko kabla halijapata mwenyewe, na sikumbuki hata siku moja mtu akisema si jipya. Lilikuwa jipya kwa sababu lilikuwa limejulikana.

Nilipokwenda chuo kikuu Dar es Salaam niliionea aibu desturi ile. Wenzangu walinunua vitu madukani vikiwa vimezibwa, wakavichana vyumbani kwao kwa raha ambayo sikuwahi kuiona Ujiji, na mimi nikataka raha hiyo. Nikanunua krimu yangu, nikailipia bila kuigusa, nikaipaka. Uso uliniwaka, ukabadilika rangi, ukaanza kuchubuka. Kwa muda mrefu nilihudhuria mihadhara nimejifunika mtandio mpaka puani, na msichana niliyekaa naye chumba kimoja, ambaye hakuwa na ubaya wowote, aliniuliza, “Salma, umepaka nini, pilipili?” Nilipompigia Bibi simu nikilia, hakunipa pole. Aliuliza tu, “Ulilifungua kabla ya kulipa?”

Tangu siku hiyo sikuamini tena kizibo. Nilifungua kila kitu: dawa ya meno, poda ya mtoto, mafuta ya nywele. Ulipokuwa mchanga sikupaka kitu kwenye ngozi yako ambacho sikukipaka kwanza kwenye ngozi yangu. Nilikuwa na hakika kwamba hilo ndilo somo nililolipia kwa uso wangu.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia Bibi wala mtu yeyote, kwa sababu nimelifikiria mwaka huu tu. Lile kopo la Dar nililitupa. Sikulipeleka popote likachunguzwa, sikumuuliza hata mwenye duka. Huenda lilikuwa na mkorogo. Huenda pia krimu ilikuwa halisi kabisa na ngozi yangu ndiyo iliyoikataa, na kama ningelifungua dukani nikanusa, nisingejua lolote, kwa maana pua haioni kitakachotokea usoni kesho. Kanuni niliyoishi nayo, na niliyokulea nayo, imesimama juu ya ushahidi nilioutia jalalani. Kama mwanafunzi wangu angeniletea hoja ya namna hiyo ningemrudishia. Na bado, Sakina, nikishika kopo lililozibwa, vidole vyangu vinalifungua kabla sijaamua.

Ya Devota unayajua, lakini niyaandike ili ujue nami niliyaona. Alipopokea kifurushi alipiga picha kopo likiwa wazi. Pale katikati, kwenye krimu iliyokuwa imetulia kama maji asubuhi, palikuwa na mfereji mmoja, mfupi, wenye umbo la kidole. Akaiweka picha hadharani pamoja na maneno yangu yote, na kona yangu ya boksi pia. Watu wakaja. “Mpya ya kidole!” “Kigoma mnatuuzia makombo?” “Bibi harusi kaolewa na krimu ya mtumba!” Ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya nyuma na simu mapajani, nami nilisimama nyuma yako nikisoma juu ya bega lako.

“Mama, ulilifungua?”

“Nililifungua. Nililikagua.”

“Na ukaandika mpya.”

“Si mpya? Nani aliyeitumia?”

“Wewe! Umepaka!”

“Nyuma ya kiganja, Sakina. Kukagua si kutumia.”

“Mama, mpya ni mpya. Ikishaingia kidole si mpya. Huko siyo Ujiji, mtu hajui kidole ni cha nani!”

Nilikuwa na jibu, tena refu. Nilitaka kukueleza habari za makopo yaliyojazwa upya, na uso wangu, na yule mama wa uji. Sikulitoa kwa sababu ya sentensi yako ya mwisho. Bibi alifungua mbele ya mteja. Mteja alikiona kidole kinaingia, akamjua mwenye kidole, akaingiza na chake. Mimi nilifungua peke yangu, nyumbani, kisha nikamtumia mtu wa mbali kopo ambalo lilikuwa limejulikana kwangu lakini kwake lilikuwa limeguswa tu. Kitendo ni kile kile. Sijui kama ni kile kile.

Ukaandika jibu lako mbele yangu: “Samahani sana dada, ni makosa yangu.” Nikakuambia andika kwamba ni mama yako aliyelifungua, na ueleze kwa nini. Ukakataa. Nikasema basi nitaandika mimi. Ukanishika mkono, na hujawahi kunishika namna ile, ukasema, “Ukiandika watakutukana wewe. Mimi nimeshazoea.” Hukuwa umezoea. Ulikuwa na saa chache tu katika mambo hayo.

Wateja wakapungua, kisha ukurasa ukanyamaza. Ulipoanza tena kuandika, hukunipa niandike. Nilisoma maelezo yako kama ninavyosoma ya mtu mwingine: kwamba kopo limeguswa na Mama Furaha, na mpagazi wa Kibirizi, na wewe, kwamba boksi limelala chini ya kitanda chenye vumbi, kwamba tarehe ya mwisho wa matumizi imefifia na huwezi kuapa kama ni tatu au nane, kwamba kwenye kifuniko kuna mkwaruzo unaoonekana ukikigeuzia dirishani. Yote yalikuwa kweli. Hakuna aliyenunua. Mama Furaha alikuja kutusalimu, nikamsomea, akashika kiuno.

“Ee Mama Mwalimu, huyu mtoto anauzisha ao anafukuza batu?”

“Anasema ukweli, Mama Furaha.”

“Ukweli gani wa mukwaruzo? Mi siuzishe kitu yenye sijaona ndani. Fungula, onesha mutu, basi! Mukwaruzo unapakwaka mu uso?”

Ulicheka, ukaingia ndani, nami nikabaki na swali lake. Nilijiuliza kama maelezo yako yalikuwa ukweli kamili au hasira iliyovaa nguo za ukweli. Nikajiuliza tena kama nina haki ya kuuliza, mimi niliyetaja kona ya boksi nikaacha kidole. Inawezekana kutaja kila dosari ni njia ya kumtendea haki mnunuzi. Inawezekana pia ni njia ya kumwambia asinisogelee. Sikuweza kupambanua, na hata sasa siwezi. Ninachojua ni kwamba ulikuwa unaandika kana kwamba kila mtu atakayelipokea kopo ni Devota.

Kwa hiyo leo asubuhi, ulipokwenda kukata nywele, nilimpigia. Namba ilikuwa bado kwenye karatasi ya kifurushi cha kwanza. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, na yakapotea alipopokea.

“Shikamoo Mama,” alisema nilipojitambulisha kuwa ni mama yake Sakina wa Kigoma. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Sijui kwa nini nilitarajia nyingine.

“Marahaba, mwanangu. Nimepiga kuhusu ile krimu. Kile kidole ni changu.”

Akacheka, kicheko cha mtu aliyeshtukizwa jikoni. “Kidole chako wewe Mama?”

“Changu. Huku kwetu tunafungua kabla ya kuuza, tuone kilichomo. Sakina hakulifungua. Hata hakujua.”

“Jamani! Mimi nilidhani kuna dada kaipaka wee, imemchosha, ndiyo nikauziwa mimi.”

Nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza ile krimu aliitupa wapi. Sijui kwa nini niliuliza, labda kwa sababu mimi nilitupa yangu.

“Kuitupa? Niliipaka, Mama. Siku ile ile ya harusi. Nyingine ningeitoa wapi?”

“Ikakukubali?”

“Ikanikubali sana. Ndiyo maana nilizidi kukasirika.”

“Kwa nini ukakasirika zaidi?”

“Hata sijui,” alisema, na niliamini kwamba hajui.

Nikamwomba aifute ile picha. Alikataa, tena kwa upole. Alisema akiifuta sasa watu watasema amelipwa, na kwamba kidole kilikuwepo, yeye hakukizua. Nilikuwa nimepiga simu ili kukusafisha jina, Sakina, na nikawa nasikiliza mtu mwenye hoja. Nilimwambia basi aongeze neno moja, kwamba kidole kilikuwa cha mama. Akasema atafikiria. Kisha akauliza, kana kwamba ndicho alichokuwa akitaka kusema tangu mwanzo: “Mama, mnayo nyingine kama ile?”

Nilimwambia limebaki moja.

“Basi naitaka. Lakini hiyo usiifungue.”

“Nisipoifungua, sitajua kilichomo.”

“Nitajua mimi.”

Basi lenu litasimama Singida. Nilimwambia hivyo, na akasema atakuja stendi mwenyewe kulipokea, ukikubali. Nilipendekeza mlifungue pamoja palepale, mbele ya macho yenu wawili, kama Bibi alivyofanya. Nilidhani nimepata jibu la kila kitu, na nakiri nilijisikia mwenye akili kwa muda. Devota akasema hapana, atalifungua nyumbani kwake, akiwa peke yake, na hilo ndilo analolilipia. Nilipokata simu nilitambua kwamba anataka ile ile raha niliyoitaka mimi Dar es Salaam, na nikashindwa kuamua kama nimwonee huruma au wivu.

Hicho ndicho nilichokifanya bila idhini yako. Ulikuwa umechagua kubeba lawama yangu kimya, nami nimekwenda kuitua bila kukuuliza kama mgongo unauma. Labda nimekusaidia. Labda nimekunyang'anya kitu ulichonipa. Ukikasirika, hutakuwa umekosea, na ukitaka kupita Singida bila kushuka kwenye basi, nitampigia Devota nimweleze, na sitamweleza vingine isipokuwa ilivyo.

Ungetegemea nimalize kwa ushauri. Nimejaribu kuuandika, na kila mara unavunjika katikati. Nilitaka kusema: eleza kitu kama kilivyo. Lakini kopo la Devota lilikuwa jipya kwangu na si jipya kwake, na sote tulikuwa tunalitazama. Nilitaka kusema: mweleze mnunuzi kile ambacho wewe ungependa kuelezwa. Hilo ndilo nililolifanya, kwa maana mimi ningependa kuambiwa kona ya boksi, na ningetegemea limefunguliwa. Kitu pekee ambacho bado hakijavunjika, na nakupa kikiwa hivyo hivyo, ni kwamba huenda tunapaswa kuanza na kile ambacho mikono yetu imefanya. Kabla ya boksi, kabla ya rangi, kabla ya kona: mimi nimefanya nini na hiki kitu tangu kilipofika kwangu. Hata hilo sina hakika nalo. Mama Furaha angelicheka.

Kopo lako hili hapa mbele yangu. Nimelishika mara nyingi mchana huu. Nimelitikisa, nimelipima uzito, nimelinusa kwenye ukingo wa kifuniko kama mwizi, na ukucha wangu umefika kwenye ile karatasi inayochungulia kidogo chini ya kifuniko upande mmoja. Sijaichana. Kama humo ndani mna mkorogo utakaomchoma binti wa watu, mimi ndiye niliyeweza kujua nikaacha. Kama mna krimu nzuri, kwa kulifungua ningekuwa nimemharibia tena kitu alichoniomba mara mbili. Nilimpigia simu ya pili kumwambia hivyo, neno kwa neno, ili asije akadhani kutokufungua kwangu ni uthibitisho wa lolote.

Ulisema sitaandika tena maelezo ya bidhaa zako, na nimeliheshimu hilo hadi leo. Hili naomba uniruhusu. Nimekata kipande cha karatasi, nimekibandika juu ya boksi, nikaandika: “Limetoka ng'ambo ya ziwa kwa Mama Furaha. Mimi, Salma, nimelishika, nimelitikisa na kulinusa kwa nje. Sikulifungua, kwa sababu mnunuzi ameomba nisilifungue. Kilichomo sijakiona.”

Nilimsomea Devota maneno hayo kwenye simu hiyo ya pili, nikamuuliza nani atanunua kitu kilichoelezwa namna hiyo. Akaniambia nikuambie usishuke upande wa hoteli. Yeye atakuwa amesimama upande wa pili wa stendi, na atavaa gauni la njano ili umwone.

Ni mimi, mama yako,
Salma